Pumu si kifua kikuu: maneno, dawa na hewa tunayovuta

Tunapofundisha msamiati wa magonjwa, walimu wa Kiswahili huwa tunalipita haraka neno pumu. Mwanafunzi huliandika chini ya malaria, tukasonga mbele. Ni neno la ukoo mmoja na pumua, pumzi na pumzika, na hilo peke yake lingetosha kwa zoezi zuri la mnyambuliko. Hata hivyo, lililonisukuma kuandika makala haya si sarufi.

Hapa Mutanga Nord, na hata katika mitaa mingine ya Bujumbura, si ajabu kusikia mtu mwenye pumu akielezwa kwamba "ana kifua". Kauli hiyo ina utata, kwani msikilizaji anaweza kuelewa kifua kikuu. Kifua kikuu husababishwa na bakteria na huambukizwa kwa njia ya hewa, mgonjwa anapokohoa. Pumu haiambukizi hata kidogo. Lakini mwanafunzi akishajua kwamba wenzake watahama dawati akikohoa, ataificha pampu yake mkobani na kuchelewa kuitumia. Kwa hiyo, kutaja ugonjwa kwa jina lake ni sehemu ya tiba, na hapo mwalimu wa lugha ana kazi.

Pumu ni nini basi? Njia ndogo za hewa ndani ya mapafu ya mgonjwa huwa na uvimbe wa kudumu, hata siku anayojisikia mzima. Zikiguswa na kichochezi kama moshi, vumbi, mafua, ukungu wa ukutani au chembe zitokanazo na mende, misuli inayozizunguka hukaza, ute huongezeka, na hewa hupita kwa taabu, hasa wakati wa kuitoa. Ndiyo maana kifua hulia kama filimbi. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa na pumu, na 455,000 walifariki kwa sababu yake.

Dawa ziko za aina mbili, na kuzichanganya ni hatari. Salbutamoli hulegeza misuli katika dakika chache, lakini haigusi uvimbe. Uvimbe hutulizwa na dawa ya kukinga, yaani steroidi ya kuvuta kama beklometasoni, ambayo hutumiwa kila siku na huchukua siku au wiki kadhaa kuonyesha matunda yake. Wengi huiacha kwa kuwa "haifanyi kitu". Tangu 2019, mwongozo wa kimataifa wa GINA unashauri kwamba vijana na watu wazima wasitibiwe kwa salbutamoli peke yake. Kuhusu pampu yenyewe, mtoto hufaidika zaidi akivuta dawa kupitia chemba, na chemba hiyo si lazima iwe ya bei ghali. Mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha katika jarida la The Lancet kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa kitakoni na kuzibwa vizuri kuizunguka pampu, ilifanya kazi sawa na chemba ya dukani.

Lakini pampu haisafishi hewa. Jiko letu kubwa ni mbabula ya makaa. Makaa yakishashika huonekana hayana moshi, na kwa sababu hiyo watu huingiza jiko ndani, jambo ambalo si salama: gesi ya monoksidi ya kaboni haionekani wala hainuki, na katika chumba kilichofungwa inaua. Wakati wa kuwasha, hasa anayewasha kwa vipande vya plastiki, moshi ni mzito. Ongeza takataka zinazochomwa nyuma ya nyumba, jenereta umeme unapokatika, na vumbi la kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba. Chembe zinazohofiwa zaidi zina upana usiozidi mikroni 2.5, karibu mara 30 chini ya unene wa unywele. Mwaka 2021 WHO ilishusha kiwango chake cha wastani wa mwaka kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo.

Atakayesema kwamba moshi ni jambo la kawaida akumbuke kisa cha Ella Adoo-Kissi-Debrah, msichana wa London aliyekuwa akiishi karibu na barabara yenye magari mengi. Alifariki kwa pumu mwaka 2013 akiwa na miaka 9. Desemba 2020 mchunguzi wa vifo aliamua kwamba uchafuzi wa hewa ulichangia kifo chake. Haikuwahi kutamkwa hivyo nchini Uingereza kabla ya hapo. Kule kuna vipimo kando ya barabara. Sisi kipimo chetu mara nyingi ni kikohozi cha mtoto.

Katika darasa, mengi hayahitaji fedha. Ubao ufutwe kwa kitambaa chenye unyevu. Sakafu inyunyiziwe maji kabla ya kufagiwa, na ifagiwe wanafunzi wakiwa wametoka. Madirisha yafunguliwe, isipokuwa pale jirani anapochoma taka. Mwenye pumu aruhusiwe kukaa na pampu yake mezani, bila kuomba ruhusa.

Akibanwa, akae wima, asilazwe. Apewe salbutamoli mipulizo 4, mmoja mmoja, akivuta pumzi mara 4 kwa kila mpulizo kupitia chemba. Subirini dakika 4, kisha rudieni ikiwa hajapata nafuu. Msikilizeni pia anavyozungumza. Asiyeweza kumaliza sentensi fupi kwa pumzi moja, au ambaye midomo yake inageuka rangi, apelekwe hospitali mara moja huku akiendelea kupewa dawa njiani, hata kama kifua kimeacha kulia.