Chogo ya Aveni: TV ya Mbao Iliyofufuka Buyenzi

Wasee, hii TV niliikuta ikikaliwa. Ilikuwa kwa garaji moja hapa Buyenzi, Burundi, zile za kando ya aveni ambapo maboyz wanafungua injini za Toyota kuanzia asubuhi mpaka adhana ya magharibi. Fundi mmoja alikuwa ameilaza, kioo chini, yeye juu ya kabati la mbao anapiga chai na sambusa. Nikaona ule mgongo mrefu. Chogo yenyewe, ile original ya kitambo. Moyo ukadunda. Thomson ya inchi 22, vitufe nane vya stesheni vimepangwa mbele, kimoja kimeng'oka.

Nikamuuliza fomu ya hiyo kitu ni gani. Akasema kuna jamaa wa vyuma chakavu anaipitia jioni, aipasue atoe shaba.

Hapo ndipo nilishikwa na hasira, na bado ninayo. Shaba yenyewe ni ule waya uliozungushwa kwa shingo ya tyubu, konzi moja tu. Kuipata, mtu anavunja kioo chenye madini ya risasi ndani yake, halafu vigae vinamwagwa kwa mtaro ambapo watoto wanapita peku. Tumepoteza chogo ngapi hivyo hapa mtaani? Nikamwambia fundi, bro, jamaa wa vyuma akija mwambie imeshapata mwenyewe. Tukasukumana bei, tukaachana kwa pesa ya raba mbili za mtumba pale soko la Ruvumera. Nikaita mkokoteni, nikaishikilia kwa mikono miwili njia nzima, mashimo ya aveni yakinitingisha.

(Sheng nilirudi nayo kutoka Nairobi, na hapa Buyenzi haijakosa pa kukaa. Mtaa huu umezoea kupokea maneno: Kiswahili cha babu zetu, Kirundi, Kifaransa cha shule, Kibongo cha muvi. Yote yanaishi keja moja.)

Mzee wangu wa TV ana kibanda si mbali na Ruvumera. Kwake huingii na haraka. Unatoa salaam, unauliza hali ya nyumbani, unakaa. Alianza ufundi akiwa kijana wakati televisheni ya taifa, ile ya RTNB, nayo ilikuwa changa. Ilianza kurusha mwaka 1984. Akaizunguka Thomson yangu mara mbili bila kusema kitu. Akapitisha kiganja kwa mbao. Kisha akauliza swali moja tu: "Umeichomeka kwa umeme?"

Nikasema hapana, mzee.

"Vizuri, mwanangu. Ungeichomeka ungeiua."

Rada ni hii, wasee, na muishike. TV iliyolala miaka haiamshwi kwa kuchomekwa ukutani. Kapasita zake zimekauka, vumbi limeshika unyevu, mende wamejenga humo. Na tyubu ya rangi inatembea na volti karibu 25,000, na inaweza kushika chaji hata baada ya kuchomolewa. Mzee akatoa bisibisi ndefu iliyofungwa waya, upande mmoja kwenye chuma cha fremu, mkono wake wa kushoto akauweka nyuma ya mgongo kama mwanafunzi mbele ya mwalimu. Akaichomeka bisibisi chini ya ile kofia ya mpira kwa kioo. Kimya. Akarudia. Kimya. Ndipo akaanza kufagia vumbi kwa brashi ya rangi.

Umeme wa kwanza aliupitisha kwenye ampuli ya wati 100 iliyofungwa kwa mfululizo na TV. Hiyo ni akili ya mafundi wa kitambo: kama ndani kuna shoti, ampuli inawaka kali na kubaki kali, TV inapona. Yetu ikawaka kali, ikafifia taratibu, ikatulia. Mzee akatikisa kichwa kwa kukubali. Baada ya muda kioo kikatoa mstari mmoja mweupe, umelala katikati kutoka pembe hadi pembe. Hakuna kingine.

Mimi nilidhani imekufa. Yeye alikuwa ameshajua. Akaichomoa, akageuza ubao wa saketi, akanipa lenzi, akanionyesha mguu wa IC inayofungua picha juu na chini. Kuzunguka ule mguu kulikuwa na ufa wa duara, mwembamba kama unywele. Lehemu ilikuwa imechoka, miaka yote ya kupata moto na kupoa. Akaichoma upya, akabadilisha kapasita nne zilizovimba, akawasha. Ule mstari ukafunguka kama pazia.

Halafu akaniuliza kitu sitasahau. "Inalia?"

Chogo ikiwa hai inatoa mlio mwembamba sana, zaidi ya wa mbu. Ni mistari 625 ikichorwa mara 25 kwa sekunde. Piga hesabu, ni mitetemo 15,625. Masikio ya kijana yanaudaka, ya mzee yanaupoteza. Kumbe miaka hii yote anaita watoto wa jirani wamsikilizie. Nikamwambia, inalia mzee, inalia safi. Akatabasamu, akafunga mfuniko wa nyuma.

Tukaunga dekoda kwa waya wa antena. Ngori ikaanza. Picha nyeusi na nyeupe, sauti ni mchemko wa mvua juu ya bati. Nikasema tumerudi mwanzo. Mzee akasema hapana, hii TV ni nzima, tatizo ni lugha.

Ikabidi nikae nifunzwe. Mwaka 1967 Ulaya iligawanyika kwa rangi za TV: Ufaransa ikaanza na mfumo wake wa SECAM, Wajerumani na Waingereza wakaenda na PAL. Huku kwetu tukarithi huo mpaka. Burundi na Zaire zikafuata SECAM. Upande wa pili Zanzibar ikawasha TV ya rangi mwaka 1973, Tanzania Bara ikasubiri stesheni zake mpaka 1994, na wote hao ni PAL. Chogo ya SECAM pekee ukiilisha PAL, inachora picha lakini rangi haizisomi. Na sauti inaitafuta mahali tofauti, ndiyo maana ya ule mchemko. Na siku hizi sisi tunatumia dekoda, na yetu inaongea PAL. Yaani Thomson yangu ilikuwa mkimbizi kwa keja yake.

Dawa ilikuwa nyuma: tundu la peritel, ile soketi pana ya Kifaransa yenye miguu mingi. Kupitia hapo sauti ya dekoda ikaja safi, ingawa rangi bado. Lakini peritel inaweza kupokea nyekundu, kijani na bluu kila moja kwa njia yake, bila kuuliza SECAM wala PAL. Kilichotakiwa ni mashine ya kuzitoa hivyo, na mzee alikuwa na deki ya DVD kuukuu kutoka Ubelgiji, yenye peritel yake.

Nikapeleka TV na deki nyumbani Ijumaa. Mama mkubwa ana DVD ya harusi yake, iliyohamishwa kutoka kanda. Picha za albamu zimeshageuka rangi ya chai, na sisi watoto tulikuwa tunabishana naye kuhusu gauni la siku ya pili. Yeye alishikilia ni zambarau. Tukaweka DVD. Aveni ikatokea, mwarobaini wa jirani bado mdogo, wanawake wanapiga vigelegele, na mama mkubwa anatoka mlangoni. Zambarau. Akasogea mpaka karibu na kioo, akagusa, zile nywele za mkono zikasimama kwa umeme wa chogo. Hakusema kitu, alitaja tu majina ya waliotangulia, mmoja mmoja kadiri walivyopita mbele ya kamera.

Mzee alikuja kuiona Jumapili. Akatuhadithia Agosti 1996, miaka ile ya vita, Burundi ikiwa Olimpiki kwa mara ya kwanza kabisa kule Atlanta. Vénuste Niyongabo alichukua dhahabu ya mita 5,000, na mzee aliona mbio hizo kwa chogo ya mteja ambayo alikuwa bado hajairudisha.

Basi, wasee, ombi langu ni moja. Ukiona chogo inangoja jamaa wa shaba, usiivunje, wala usiichomeke. Ipakie mkokoteni, ipeleke kwa fundi mzee wa mtaa wako angali na nguvu za kushika bisibisi, na ukifika hapo mkopeshe masikio yako.