Shule ya Serikali, Jina la Dini

Ndugu wafanyakazi, shule nyingi za serikali hapa Uganda zilianzishwa na wamisheni: Namilyango mwaka 1902, Budo na Kisubi mwaka 1906. Waislamu nao walijenga zao, kama zile za Kibuli hapa Kampala. Miaka ya 1960, baada ya Uhuru, serikali ilizishika, ikawa inalipa walimu. Majina ya dini yalibaki.

Mishahara hiyo hutoka katika kodi yetu sote, Wakristo kwa Waislamu. Katiba ya 1995 inasema Uganda haina dini ya serikali, tena inakataza ubaguzi wa dini. Katika mtihani wa darasa la saba mtoto huchagua swali la Kikristo au la Kiislamu. Lakini atachagua nini ikiwa shuleni hakuna mwalimu wa dini yake? Mzazi na aulize hilo mkutanoni.

Haki hii ina mpaka. Wanafunzi Waadventista waliishtaki Makerere kwa mitihani ya Jumamosi, Sabato yao. Mwaka 2006 Mahakama ya Juu iliwakatalia. Sisi hukumu hiyo haikutufurahisha: anayepangiwa zamu siku ya ibada anaijua taabu yao.