Alama Sawa, Shida Mbalimbali

Waama wahenga hawakukosea waliponena kwamba vidole vya mkono havilingani. Hata hivyo, mpenzi msomaji, tunapowafunza watoto aghalabu tunawatwika wote mzigo mmoja, kisha anayelemewa tunamwita mzembe.

Mathalani, nina wadogo wangu mapacha walio gredi ya tatu. Wamenyonya ziwa moja na wanafunzwa na mwalimu mmoja. Katika zoezi la kutoa, kila mmoja alipata 4 kwa 10. Ukitazama alama tu utasema, "Ah, hawa wote hawajui kutoa!" Lakini hebu fungua madaftari yao.

Kaka mtu aliandika 52 − 27 = 35. Aliona haiwezekani kutoa 7 katika 2, basi akageuza, akatoa 2 katika 7. Ukimpa hesabu nyingine ishirini za aina hiyo, atazikosa zote. Dawa yake ni vijiti. Vifunge kumi kumi kwa uzi: mafungu 5, na vijiti 2 kando. Mwambie atoe 7. Itambidi afungue fungu moja, apate vijiti 12. Akitoa 7, hubaki 5; akitoa mafungu 2 katika yale 4 yaliyosalia, hubaki 2. Jibu ni 25, tena ameliona kwa macho yake.

Dada mtu hesabu hiyo aliipata. Yeye aliangushwa na hesabu za maelezo: "Mama alikuwa na machungwa 52, akauza 27. Alibakiwa na mangapi?" Husoma polepole, na akifika mwisho, mwanzo umeshamtoka, basi anajumlisha tu. Huyu vijiti havimfai. Soma naye sentensi moja moja, kisha akusimulie kilichotendeka kabla hajaanza kuhesabu.

Je, kiboko kingetibu shida ipi kati ya hizo mbili? Hata moja! Kiboko hakiulizi mtoto amekosea wapi. Isitoshe, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza kumwadhibu mwanafunzi kwa kumtesa au kumdhalilisha, kimwili na kiakili. Kwa hiyo hata lile neno "kichwa maji" tuliache.

Utasema, darasa limejaa, mwalimu atawafikia wote vipi? Ni kweli. Lakini swali hili halimalizi dakika: "Hebu nieleze, hapa umefanyaje?" Nasi tulio na wadogo nyumbani tunaweza kuliuliza jioni, sufuria ikiwa mekoni.

Naam, haki si kuwapa watoto wote kitu kimoja, bali kumpa kila mmoja kinachomkwamua. Tusimwite mtoto mjinga kabla hatujajua amekwama wapi.