Mtoto wa Habaswein na lugha zake nne

Andika neno inan kwa Kisomali na msomaji hatajua kama umemtaja mvulana au msichana. Litamke, na kila aliyemo nyumbani atajua papo hapo. Sauti ikipanda mwanzoni mwa neno, ni mvulana. Ikipanda mwishoni, ni msichana. Dameer, yaani punda, nayo ni vivyo hivyo: dume na jike hutenganishwa na mahali sauti inapopanda. Herufi za Kilatini, ambazo serikali ya Somalia ilizifanya rasmi Oktoba 1972, hazina alama ya jambo hilo. Msomaji inambidi aangalie maneno ya jirani ili aelewe kile ambacho mtoto mdogo wa Habaswein, nchini Kenya, hukisikia bila kufikiri.

Sisi wa Kiswahili tusidhani hayatuhusu. Barabara ya kwenda Wajir na kazi iliyofanywa barabara huandikwa sawa, ila ukikosea mahali pa kukaza sauti umesema jingine. Na “umekula” inaweza kuwa taarifa, swali, lawama au mshangao, herufi zikiwa zile zile. Kinachobadilika ni kiimbo tu, na hicho hakuna mwalimu aliyekaa chini akatufundisha. Tulikipata kwa masikio, tukiwa bado tumebebwa mgongoni.

Kwa kweli tulianza kabla hata ya kubebwa mgongoni. Mwaka 1980 watafiti wawili nchini Marekani, Anthony DeCasper na William Fifer, walionyesha kwamba mtoto mwenye siku chache tu duniani hunyonya chuchu ya mpira kwa namna itakayomwezesha kuisikia sauti ya mama yake badala ya ya mwanamke mwingine. Miaka minne baadaye, Janet Werker na Richard Tees wa Kanada wakatoa matokeo ambayo, kwa maoni yangu, kila mwalimu wa chekechea angepaswa kuyajua. Waliwasikilizisha watoto wa nyumba za Kiingereza sauti za Kihindi, ikiwemo ile t inayotamkwa ncha ya ulimi ikiwa imekunjwa kuelekea juu. Watoto wa miezi sita hadi minane walizitofautisha sauti hizo vizuri. Walipokaribia kutimiza mwaka, uwezo huo ulikuwa umefifia sana. Sikio lilikuwa limekwisha kuchagua lugha ya kwao.

Kisomali nacho kina sauti ya ulimi uliokunjwa, ndiyo inayoandikwa dh. Kina pia sauti za kooni, c na x, ambazo Mswahili mtu mzima aliyehamia Wajir huhangaika nazo miaka na miaka. Mtoto wa Habaswein huzishika akiwa bado hajui kutembea. Lakini lugha hiyo hiyo haina p, haina v wala z. Hilo nitalirudia, maana ndipo darasa linapomkosea mtoto.

Kwanza tuione nyumba anakotoka. Habaswein iko Wajir Kusini, kwenye njia inayotoka Modogashe kuelekea mjini Wajir, kando ya kinamasi cha Lorian ambako maji ya mto Ewaso Nyiro hutandaa na kupotea ardhini. Huku ngamia ndiye mali. Mtoto anayefuata wakubwa kwenye mabirika ya kisima hapewi orodha ya msamiati akariri. Anatumwa. Anaambiwa amzuie nirig asimfikie mama yake kabla hajakamuliwa, naye anajua huyo ni ndama. Anaambiwa aachane na hal, jike aliyekomaa, amlete qaalin, yule jike mchanga ambaye bado hajazaa. Anaonywa asimkaribie baarqab, dume la mbegu. Kila neno linamjia pamoja na mnyama mbele ya macho, mkono wa mzazi unaoonyesha, na sauti inayomwambia kama jambo ni la haraka au la kawaida. Akimleta siye, anarudishwa. Hata huko ng'ambo, wataalamu wa ukuaji wa lugha wanasisitiza hayo hayo: mtoto hukua kilugha pale anaposemeshwa juu ya kitu anachokitazama, kisha akapewa nafasi ya kujibu, hata kama jibu lenyewe ni kelele tu.

Na wanapofika kunywesha, kuna nyimbo. Wafugaji wa Kisomali huimba wakiteka maji, na mapigo ya wimbo ndiyo yanayopanga mikono. Ushairi wa watu wazima, hasa gabay, una sharti gumu zaidi: sauti ya mwanzo iliyochaguliwa lazima irudi katika kila mshororo, toka mwanzo hadi mwisho wa shairi. B. W. Andrzejewski, mwanaisimu mzaliwa wa Poland aliyefundisha Chuo Kikuu cha London, alitumia maisha yake kuandika habari za ushairi huu, akishirikiana kwa miaka mingi na msomi Msomali, Musa Galaal. Ulihifadhiwa vichwani. Mwenye kulighani shairi la mwenzake alitarajiwa amtaje mtunzi na asibadilishe maneno yake, na sauti ile inayojirudia ilimsaidia kukumbuka. Mtoto anayelala huku wazee wanaghani hujifunza kusikiliza mwanzo wa neno kwa makini ambayo wengi wetu hatukuyapata.

Asubuhi anaenda duksi, yaani chuo cha Kurani, na ubao wake. Huko anakutana na Kiarabu, na hapo pia anaingia kwa mdomo kabla ya jicho. Wasomali wana njia yao ya zamani ya kutaja irabu za Kiarabu kwa maneno ya Kisomali yenye mahadhi, ambayo masimulizi yanaihusisha na Sheikh Yusuf al-Kowneyn, maarufu kwa jina la Aw Barkhadle. Watoto huitikia kwa pamoja, maalim akiongoza.

Kisha shule, yenye Kiswahili na Kiingereza kwa mpigo. Mwalimu anasema “pata”, mtoto anaitikia “bata”. Mwalimu anasema “zaa”, mtoto anasema “saa”. Akirudia ni vile vile, na sauti ya mwalimu inaanza kupanda. Mtoto huyu si mzito wa kuelewa. Ana sikio lililofanya kazi yake barabara kabla hajatimiza mwaka, na hakuna mtu mzima aliyewahi kumtenganishia p na b kwa sababu lugha ya mama yake haizitenganishi. Kumwekea alama ya kosa bila kumwonyesha midomo inavyofungwa na pumzi inavyotoka ni kumwadhibu kwa kuzaliwa Habaswein.

Tena Kiswahili anakisikia kwa watu wachache. Baada ya shambulio la Kamuthe, kaunti ya Garissa, Januari 2020, walimu watatu walipouawa, Tume ya Kuwaajiri Walimu iliwahamisha walimu wasio wenyeji kutoka maeneo haya. Hofu ya walimu hao ilikuwa ya haki kabisa. Hakuna anayestahili kufia darasani. Ila kwa watoto wengi walioondokewa, walimu hao ndio waliokuwa Kiswahili chenyewe. Kitabu kilibaki kwenye dawati, lakini kitabu hakitamki.

Ripoti ya Gachathi ya 1976 kuhusu elimu ya Kenya ilipendekeza lugha ya eneo itumike kufundishia madarasa matatu ya kwanza, na mtaala wa umilisi unasema hivyo hivyo. Basi pendekezo hilo litekelezwe. Mwalimu anayepangiwa Wajir apewe mafunzo ya Kisomali kabla ya kupanda basi, walau ajue ni sauti zipi wanafunzi wake hawana na zipi yeye hana. Redio zinazosikika kaskazini ziwape watoto hadithi za Kiswahili kila siku, zisimuliwe polepole. Na mzazi asidanganywe kwamba akiacha Kisomali nyumbani mtoto atafaulu zaidi. Mzungumzishe kwa lugha unayoiweza vizuri, tangu siku ya kwanza. Na kwa kuwa haya yote huanzia masikioni, mtoto akifikisha mwaka bila kugeuka anapoitwa jina lake, usingoje akue. Mpeleke hospitali apimwe masikio.