Gitaa Likipunguza Kasi
Muziki Mzito na Masikio Yetu: Sehemu ya Tatu

Juma lililopita tuliishia kwenye mkwaruzo: jinsi sauti ya gitaa la umeme inavyosukumwa ndani ya amplifaya kupita uwezo wake, mawimbi yakakatika vichwa, ikatoka na makali kama msumeno. Leo ninalo deni la fundi wangu.

Fundi huyu hutengeneza redio na spika kwenye kibanda upande wa Kinawataka, chini ya kilima cha Mbuya. Juu yake kuna kambi ya jeshi na kanisa la Bikira Maria wa Afrika, kwa hiyo masikio yake yamelelewa na paredi na kwaya kwa pamoja. Miaka ya 90 alikuwa kijana wa kudabu kaseti, na iliyomtia wazimu ni Master of Puppets ya Metallica, ya mwaka 1986. Baadaye akaipata ile ya jalada jeusi, iliyotoka Agosti 1991. Akasikiliza upande mmoja, akaitoa. "Mzee," aliniambia, kwa Kiswahili cha kambini ambacho watu wengi wa Kampala bado wanakisikia kama amri, "hawa watu walitoka kambini wakaenda kwaya."

Maneno hayo yamenisumbua. Naona fundi ana haki ya kuudhika, ila kesi ameifungulia mahali pasipo pake.

Tuanze na masikio yenyewe. Mashabiki wa zamani husema albamu ile ni laini. Laini kwa kipimo gani? Ile iliyotangulia, ...And Justice for All ya 1988, ina gitaa jembamba lenye kukata na besi ambayo karibu haisikiki kabisa. Mpigaji wake, Jason Newsted, alizamishwa wakati wa kuchanganya sauti. Kwenye albamu nyeusi mtayarishaji Bob Rock aliirudisha besi, akazipa ngoma nafasi ya kuvuma, akawataka wanamuziki wapige pamoja studioni badala ya kila mmoja kurekodi peke yake. Katika wimbo Sad But True nyuzi za magitaa zililegezwa hadi sauti ikashuka chini kuliko walivyozoea. Iweke leo kwenye spika kubwa ya fundi huyuhuyu: meza inatikisika. Kwa uzito wa sauti, albamu inayoitwa laini ndiyo nzito zaidi.

Kilichopungua ni mwendo, pamoja na mikunjo. Wimbo Master of Puppets unakimbia kwa mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Enter Sandman unatembea kwa yapata 123. Wimbo uliobeba jina la albamu ya 1988 unakaribia dakika 10, ukigeuka na kurudi kama njia ya panya. Enter Sandman ni dakika tano na nusu, na kiitikio chake mtoto anakishika mara ya kwanza. Mwimbaji wao, James Hetfield, alijifunza kuimba kwa mwalimu wa sauti. Halafu kuna Nothing Else Matters, wimbo wa mapenzi, usio na kificho. Albamu ikauzwa nakala zaidi ya milioni 16 Marekani peke yake, na hapo ndipo pana kidonda. Muziki uliokuwa mgumu kuingilika ulikuwa na mlango, na fundi alikuwa na ufunguo wake. Mlango ulipoachwa wazi, ufunguo ukawa chuma tu mfukoni.

(Lawama yenyewe si ya 1991, kwa taarifa. Mwaka 1984, kundi likiwa na albamu mbili tu, wimbo Fade to Black ulipoanza kwa gitaa lisilo na umeme, tayari walikuwepo waliosema jamaa wameuza imani yao.)

Msomaji wa Uganda asidhani haya ni mambo ya Wazungu wenye nywele ndefu. Kadongo kamu, maana yake gitaa dogo moja, ilijengwa juu ya hadithi isiyo na haraka. Walumbe Zaaya ya Paulo Kafeero, aliyefariki mwaka 2007, ni ndefu kuliko subira ya kituo cha redio. Wazee wanaonung'unikia kadongo kamu ya kinanda cha umeme hawalilii gitaa tu. Wanalilia ule muda, kwamba ulilazimika kukaa chini ndipo uambiwe.

Na mabadiliko peke yake hayaudhi. Mwaka 2019 vijana wawili kutoka kwenye metali ya Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, walirekodi hapahapa Kampala, kwa lebo ya Nyege Nyege, albamu iliyotoka mwaka uliofuata kwa jina lao, Duma. Mswahili atadhani ni yule mnyama mwenye mbio. Wao walilichukua kutoka Kikikuyu, lenye maana ya giza. Umbo la kundi la metali walilivunja, kompyuta ikashika kazi ya mpiga ngoma. Lakini makali hayakupungua, yaliongezeka, na kwa sikio langu hakuna anayeweza kuwaambia wameenda kwaya.

Mfano mgumu zaidi ni Opeth wa Sweden. Baada ya Watershed ya 2008, mwimbaji wao Mikael Åkerfeldt aliacha kunguruma. Heritage ya 2011 ilikuja na sauti safi na vinanda vya miaka ya 70, muziki wa watu wenye akili nyingi kuliko Metallica ya 1991, wala si rahisi hata kidogo. Bado mashabiki walilalamika, miaka na miaka, mpaka mngurumo uliporudi katika The Last Will and Testament, Novemba 2024. Hapa hoja yangu ya mlango inachechemea, nakiri. Mlango ulikuwa umefungwa vilevile, lakini watu walitaka koo lile.

Nilimpelekea fundi albamu hiyo ya 2024. Alisikiliza huku anachomelea waya, kimya, hadi mwimbaji alipotoka kwenye sauti ya upole akaingia kwenye mngurumo. Akaweka chombo chini.

"Wako wawili hao?"

Nikamwambia ni mtu mmoja. Alikataa. Akarudisha nyuma, akasikiliza tena, akakataa tena. Juma lijalo nitaeleza koo la binadamu linavyofanya kazi hiyo bila kupasuka.