Kindu–Kinshasa: Chini ya saa mbili kwa ndege, wiki kadhaa kwa mto

Ukipiga mstari ulionyooka kwenye ramani kutoka Kindu, makao makuu ya jimbo la Maniema, hadi Kinshasa, unapata karibu kilomita 1,170. Ndege ya jeti inayokwenda kilomita 750 kwa saa huzimaliza kwa saa moja na nusu hivi. Ukiongeza muda wa kupaa na kutua, safari nzima ni kama saa moja na dakika 45. Ndege ya propela huhitaji zaidi ya saa mbili.

Kwa mkazi wa Mikelenge, moja ya komini tatu za Kindu pamoja na Kasuku na Alunguli, hesabu hiyo inaweza kuamua mgonjwa amfikie lini daktari bingwa, au mwanafunzi kama atawahi kujiandikisha chuoni. Asiye na nauli ya ndege ana ramani nyingine kabisa.

Ramani hiyo inaanzia mtoni. Boti huteremka Mto Kongo, ambao hapa huitwa Lualaba, kwa karibu kilomita 300 hadi Ubundu. Hapo maporomoko ya Boyoma yanafunga njia. Ndiyo maana wakoloni wa Kibelgiji walijenga reli ya kilomita 125 kuyakwepa hadi Kisangani, iliyokamilika mwaka 1906. Kutoka Kisangani, Kinshasa bado iko mbali: zaidi ya kilomita 1,700 za maji. Jumla ni zaidi ya kilomita 2,100, karibu mara mbili ya njia ya angani. Tena kinachokula siku si umbali wenyewe, ni kusubiri: kusubiri boti ijae, treni ipatikane, meli ing'oe nanga. Abiria wa njia hii hahesabu saa, anahesabu wiki.

Hata anayepanda ndege hukutana na kiroja cha saa. Kindu inafuata saa za mashariki mwa Kongo, ambazo ziko mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Anayeondoka Kindu saa sita kamili mchana atatua Kinshasa saa saba kasorobo, kana kwamba ameruka dakika 45 tu. Akirudi kwa kuondoka Kinshasa saa sita mchana, atatua Kindu saa tisa kasorobo. Ndege ni ileile, mwendo uleule. Anayekuja kumpokea mgeni uwanjani asipojua hili, atasubiri sana.

Upande wa mashariki, Goma iko karibu zaidi: kilomita 390 hivi, chini ya saa moja kwa jeti. Lakini tangu waasi wa M23 walipouteka mji huo mwishoni mwa Januari 2025, uwanja wake ulifungwa na safari za kawaida za ndege zikasimama. Njia ya barabara kuelekea Kivu inaanza kwa kuvuka mto hadi Alunguli, kisha Kalima, na mvua ikinyesha matope ndiyo yanayopanga ratiba.

Kwa anayekata tikiti ya Kinshasa, swali la kuuliza kabla ya bei ni kama ndege inakwenda moja kwa moja. Ikipitia Kisangani, njia inarefuka hadi kilomita 1,600 hivi, bado hujaweka muda wa kukaa chini abiria wengine wakipanda.