Kitabu Kisichoonekana: Changamoto za Kuuza na Kusimamia Mtandaoni Vitabu vya Kiswahili Vilivyochapishwa na Waandishi Wenyewe

Ikisiri

Makala hii inafafanua changamoto zinazomkabili mwandishi wa Kiswahili anayechapisha na kuuza kitabu chake mwenyewe mtandaoni. Hoja kuu ni kwamba kiini cha changamoto hizo si uchache wa matangazo pekee, bali ni udhaifu wa taarifa zinazokitambulisha kitabu: lugha yake, maneno ya kukitafutia, jina la mwandishi na toleo. Kwa kuwa taarifa hizo ni za kiisimu na za kimaktaba, wanaisimu na wahakiki wana wajibu katika suala hili.

1.0 Utangulizi

Mwandishi wa Kiswahili kujichapishia kazi si jambo jipya. Ben R. Mtobwa (1958–2008), kwa mfano, alianzisha kampuni ya Heko na kuchapisha riwaya zake kupitia kampuni hiyo. Katika mfumo wa wakati huo, kikwazo kikubwa kilikuwa mtaji: karatasi, matbaa na usafirishaji. Tangu mwaka 2007, Amazon ilipoanzisha huduma inayomwezesha mwandishi kuchapisha mwenyewe kitabu cha kielektroniki, kikwazo hicho kimepungua sana. Hata hivyo, kazi zilizokuwa zikifanywa na mhariri, mkutubi, msambazaji na mhasibu hazikutoweka. Zimehamia kwa mtu mmoja, ambaye aghalabu hakuandaliwa kuzifanya.

2.0 Lugha Isiyo Katika Orodha

Katika duka la kawaida, mnunuzi anaweza kukutana na kitabu kwa bahati. Mtandaoni, kitabu huonekana kwa kutegemea taarifa kilizosajiliwa nazo, na mojawapo ya taarifa za mwanzo ni lugha. Kiswahili kimetambuliwa kimataifa kwa misimbo kadhaa: sw katika ISO 639-1, swa katika ISO 639-2, na swh katika ISO 639-3, ambamo Kiswahili cha Kongo kina msimbo wake, swc. Pamoja na utambuzi huo, kwa miaka mingi orodha ya lugha zilizokubaliwa na Amazon kwa vitabu vya kielektroniki ilikuwa na Kiafrikana, Kiwelisi na hata Kimanksi cha Kisiwa cha Man, chenye wazungumzaji wachache mno, ilhali Kiswahili hakikuwamo.

Hali kama hiyo humweka mwandishi njia panda. Akitaja lugha halisi ya kitabu, kazi yake inaweza kukataliwa. Akikisajili kama kitabu cha Kiingereza, msomaji anayechuja vitabu kwa lugha hatakiona, na anayekinunua akitarajia Kiingereza atakuwa na haki ya kulalamika. Takwimu za mauzo nazo zitaonesha kwamba kimeuzwa kitabu cha Kiingereza. Kwa njia hiyo, lugha hukosa hata ushahidi wa kuwa ina soko.

3.0 Mofolojia na Utafutaji

Changamoto ya pili imo katika muundo wa maneno. Amazon humpa mwandishi nafasi 7 za kuandika maneno ambayo msomaji anaweza kuyatumia kutafuta kitabu. Katika Kiingereza, unyambuaji na uambishaji mwingi hutokea mwishoni mwa neno; kwa hiyo programu inayokata mwisho wa neno inaweza kuunganisha umoja na wingi bila taabu kubwa. Katika Kiswahili, upatanisho wa ngeli na uundaji wa nomino hubadili mwanzo wa neno pia: mchawi, wachawi, uchawi, mpenzi, wapenzi, mapenzi, penzi. Programu iliyobuniwa kwa lugha ya viambishi tamati huyachukulia maneno haya kama yasiyohusiana.

Kwa hiyo, mwandishi wa riwaya ya kichawi anayeandika neno mchawi peke yake anaweza kumkosa msomaji anayetafuta uchawi. Ni afadhali atumie nafasi zake kwa maumbo yenye viambishi awali tofauti. Vilevile, jina la lugha yenyewe lina sura mbili mtandaoni: msomaji wa Dodoma huenda akaandika “riwaya ya Kiswahili”, na mwanafunzi wa Ujerumani akaandika “Swahili”. Kitabu kinapaswa kupatikana kwa majina yote mawili.

4.0 Jina la Mwandishi na Toleo la Kitabu

Fasihi ya Kiswahili tayari ina mfano wa utata wa majina hata kwa vitabu vya kampuni zinazofahamika. Mohamed Suleiman Mohamed, mwandishi wa Kiu na Nyota ya Rehema, na Said Ahmed Mohamed, mwandishi wa Utengano, wote ni Wazanzibari na wote huorodheshwa chini ya jina “Mohamed”. Mhakiki mzoefu hawachanganyi. Mashine inaweza kuwachanganya. Mwandishi anayejichapishia hatari yake ni kubwa zaidi, hasa anapotumia majina mawili katika kitabu kimoja na matatu katika kingine.

ISBN, ambayo tangu Januari 2007 ina tarakimu 13, hutofautisha matoleo: toleo la karatasi na la kielektroniki hupaswa kuwa na namba tofauti. Nchini Tanzania namba hiyo hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Amazon, hata hivyo, huruhusu kitabu cha kielektroniki kuuzwa kwa msimbo wake yenyewe, ambao nje ya duka hilo hausaidii sana. Zaidi ya hayo, mwandishi anaweza kubadilisha faili wakati wowote bila kutaja toleo jipya. Mtahiniwa wa shahada ya umahiri akinukuu riwaya ya namna hiyo, mtahini wake hana hakika kwamba anasoma matini ileile.

5.0 Bei na Malipo

Mrabaha wa asilimia 70 katika huduma ya Amazon hutolewa kwa kitabu chenye bei kati ya dola 2.99 na 9.99, tena kinaponunuliwa katika nchi zilizoorodheshwa. Kwingineko, Tanzania na Kenya zikiwamo, mrabaha ni asilimia 35. Kitabu cha dola 2.99 kikinunuliwa Mombasa humwachia mwandishi takribani dola 1.05. Kikinunuliwa Marekani, mwandishi anayeishi Kenya au Tanzania hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 30 ya mrabaha, kwa kuwa nchi hizi hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani.

Haishangazi, basi, kwamba baadhi ya waandishi huuza faili za PDF kupitia WhatsApp na kupokea malipo kwa simu. Njia hii inamfaa msomaji asiye na kadi ya benki ya kimataifa. Lakini faili moja ikishasambazwa katika kundi, mwandishi hawezi kuirudisha, na mauzo hayo hayaingii katika orodha yoyote ya maktaba.

6.0 Hitimisho

Matangazo hayawezi kufidia taarifa mbovu. Mwandishi aanze kwa kuweka ukurasa wa hakimiliki unaotaja jina lake kwa namna moja daima, ISBN, mwaka na namba ya toleo, na ahifadhi nakala ya kila toleo. Idara za Kiswahili, kwa upande wao, zinaweza kuandaa miongozo ya maneno ya utafutaji na kushinikiza lugha itambuliwe katika mifumo ya mauzo. Majarida nayo yapokee tahakiki za vitabu hivi, mradi toleo linalohakikiwa litajwe. Tusipofanya hivyo, historia ya fasihi ya Kiswahili ya karne hii itaandikwa kutokana na vitabu vilivyoorodheshwa tu, na wanaotufuata watadhani kwamba vingine havikuandikwa.